Mtoto wa dada yangu anateseka kwa shangazi yake. Nikiripoti nitavunja undugu?

SWALI: Dada yangu yuko Muscat, anafanya kazi za ndani, mwaka wa tatu sasa. Binti yake wa miaka 10 alimwacha Tanga kwa shangazi mtu. Baba wa mtoto yupo Dar na hatumi hata mia. Dada ndiye anayetuma pesa kila mwezi. Juzi nilikwenda Tanga msibani, nikalala pale siku nne. Mtoto anaamshwa saa 10 alfajiri kukaanga vitumbua, kisha anavipitisha mtaani. Shule anakwenda kwa kubahatisha. Mkononi ana kovu la moto. Nikimuuliza anasema "niliungua" na kuinamisha uso. Nilimwendea mwenyekiti wa mtaa, akanijibu hayo ni mambo ya kifamilia, nikayamalize nyumbani. Kaka zangu wanasema nikizidi kufuatilia nitavunja undugu, na serikali itamchukua mtoto ikamtupe kituo cha kulelea watoto. Nifanye nini? (Mama mdogo, Dodoma)

JIBU: Dada yangu, pole. Nianze na hilo kovu, maana haliwezi kusubiri mpaka nimalize maelezo. Ukisikia mtoto ameunguzwa au kupigwa tena, usikae kuandika barua. Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, na mpigaji halazimiki kujulikana kwa familia anayoitaja. Kwa wewe uliye Dodoma wakati mtoto yuko Tanga, namba hiyo inafaa zaidi, kwa sababu wao huwasiliana na ofisi ya ustawi wa jamii ya huko mtoto aliko. Kama kuna ndugu au jirani unayemwamini Tanga, yeye aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Jeraha bichi lipelekwe hospitali kwanza, karatasi zifuate.

Mwenyekiti wa mtaa amekosea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Inataja pia mzazi, mlezi au ndugu anayekaa na mtoto, ambaye ana uwezo lakini anakataa kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, hata nafasi ya kucheza. Ni wajibu uliowekewa wewe, jirani, mwalimu, mwuza duka. Kwa hiyo hukwenda pale kupeleka umbea, na mwenyekiti hana mamlaka ya kuifunga habari ya mtoto kwa neno la mdomo. Kazi yake ilikuwa kukuelekeza kwa mtendaji au kwa afisa ustawi wa jamii wa kata.

Ila nikueleze kwa nini alikujibu vile, maana ukienda ofisi nyingine kwa namna ile ile utapata jibu lile lile.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, na malalamiko yanayokufa mapema kuliko yote ni ya ndugu. Si kwamba ndugu ni waongo. Mara nyingi wao ndio walioona kweli. Ila ndugu anapoingia ofisini huanza na historia: namna shangazi huyu alivyoikataa ndoa tangu mwanzo, mahari haikumalizwa, shamba la marehemu babu liliuzwa kinyemela, pesa za Muscat zinaliwa, na wifi alisema nini kwenye msiba. Mtoto anatajwa mwishoni, wakati afisa ameshaweka kalamu chini. Afisa anaona koo mbili zinazogombana na mtoto katikati, naye anafanya kile anachofanya kwa watu wanaogombana: anaita pande zote mbili, anawasihi, mnapeana mikono. Jioni mtoto anarudi nyumba ile ile, na wa kule sasa wanajua nani kasema.

Ukitaka usikilizwe, nenda kama shahidi wa mtoto. Usiende kama upande mmoja wa ugomvi wa ukoo. Ushauri wangu wote unasimama hapo.

Maana yake kwa vitendo ni hii. Chukua daftari leo, kabla siku hazijachanganyika kichwani. Andika ulichokiona kwa macho yako. Pembeni, peke yake, andika ulichoambiwa na nani alikuambia. Kile unachodhani kiache kabisa, au kiandike mwisho na ukiite dhana. "Mtoto anateswa" ni hukumu, na hukumu mtu anaweza kuibishia. "Siku nne nilizolala pale aliamshwa saa 10 alfajiri, akakaanga vitumbua, akatoka na beseni saa 12, na siku mbili kati ya hizo hakwenda shule" ni ushahidi. Afisa akishaandika sentensi hiyo hana njia ya kuiita ugomvi wa kifamilia, kwa sababu hakuna mtu aliyetukanwa ndani yake.

Tena sentensi hiyo inagusa sheria moja kwa moja. Hakuna anayemkataza mtoto wa miaka 10 kuosha vyombo, kufagia uwanja au kumsaidia shangazi jikoni; hiyo ni malezi. Ila Sheria ya Mtoto imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi tu, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Biashara ya vitumbua inayoanza saa 10 alfajiri na kumla mtoto muda wa shule si kusaidia nyumbani. Na kuhusu shule, usibahatishe: mwalimu wa darasa ana rejista ya mahudhurio. Huna mamlaka ya kudai nakala, lakini unaweza kumwomba afisa aikague. Mwalimu ni shahidi asiye na ndugu upande wowote, na mara nyingi naye ameshaona mengi ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kuhusu kovu, nakusihi usimhoji mtoto tena. Ulishamuuliza, akajibu, akainamisha uso. Andika hivyo hivyo, kwa maneno yake, basi. Akiulizwa na mama mdogo, kisha na mjomba, kisha na bibi kwa simu, kila mmoja akimtilia maneno mdomoni, siku afisa aliyefunzwa kazi hiyo atakapoketi naye, mtoto atakuwa anarudia hadithi ya wakubwa, na wakili wa upande wa pili ataiona. Kovu la kuungua na mafuta kwa bahati mbaya na kovu la kitu cha moto kilichobandikwa mkononi hayafanani mara zote, na wa kutofautisha ni daktari. Polisi wakitoa PF3, ile fomu ya matibabu ya mtu aliyeumizwa, daktari ataandika anachokiona na faili litakuwa na kitu. Kama una picha ya kovu, mpe afisa au polisi tu. Usiiweke status, usiitume kwenye kundi la familia. Picha ya mtoto aliyeumizwa ikishatoka hairudi, na mwenye kuibeba aibu hiyo mtaani atakuwa yeye.

Barua yako isizidi ukurasa mmoja. Ningeiandika hivi:

"Afisa Ustawi wa Jamii, Halmashauri ya Jiji la Tanga. Kupitia kwa Mtendaji wa Kata.

YAH: TAARIFA KUHUSU USALAMA WA MTOTO WA MIAKA 10

Mimi ni mama mdogo wa mtoto aliyetajwa hapa chini. Anaishi kwa shangazi yake, mtaa na nyumba kama nilivyoeleza. Mama yake yuko Oman kikazi. Namba yake nimeiambatanisha. Kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani nililala katika nyumba hiyo na nikaona yafuatayo. (Hapo panga siku kwa siku, kwa saa.) Jirani mmoja aliniambia yafuatayo, nami sikuyaona mwenyewe. Mkono wake una kovu la moto. Nilipomuuliza alisema 'niliungua'.

Natamka kwamba familia zetu zimewahi kutofautiana kuhusu jambo fulani. Taarifa hii haihusiani na jambo hilo.

Naomba mtoto atembelewe, aongeleshwe peke yake bila wenye nyumba kuwepo, mahudhurio yake ya shule yaangaliwe, na apimwe na daktari. Naomba jina langu lisitajwe kwa wenye nyumba kama inawezekana. Niko tayari kuitwa."

Utaona nimeweka aya ya kutamka tofauti zenu. Wengi huificha, wakidhani itawaharibia. Ni kinyume chake. Shangazi akiitwa, neno la kwanza atakalosema ni "huyu ana kisa na mimi tangu mwaka ule". Kama afisa alishalisoma kwako mwenyewe, halina nguvu tena. Na pesa za Muscat usizitie kabisa katika barua hii ya kwanza. Dada yako ahifadhi risiti zote za kutuma, zitahitajika baadaye kwenye suala la matunzo. Zikitangulia, kila mtu atadhani umekuja kwa ajili ya pesa.

Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Kama huwezi kusafiri, mtume mtu mzima unayemwamini. Ukianzia polisi, usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Ofisi ya mtaa ikikataa, panda kwa mtendaji wa kata. Kata ikisuasua, nenda ustawi wa jamii wa halmashauri, kisha ofisi ya mkuu wa wilaya. Kuna pia kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zile watu wanazoziita kamati za MTAKUWWA, kwa jina la mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, kuanzia ngazi ya mtaa. Baadhi ni jina tu, nyingine zina watu wanaojua kila nyumba. Uliza.

Taarifa ikipokelewa, afisa ana mamlaka ya kumwita anayelalamikiwa, kuzungumza naye na kutoa uamuzi kwa kuangalia manufaa ya mtoto kwanza. Shangazi akikaidi uamuzi huo, afisa analipeleka suala mahakamani, na mahakama inaweza kumtaka aweke ahadi ya maandishi ya kumtunza mtoto ipasavyo, au kutoa amri nyingine inayofaa. Kukiwa na sababu ya kushuku kwamba mtoto anaumizwa, afisa anaweza kuingia nyumbani akiwa na polisi, na mtoto kupelekwa mahali salama wakati shauri linaendelea.

Kipindi kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni kile kati ya taarifa kupokelewa na afisa kufika. Usiku ule mtoto bado yuko ndani ya ile nyumba. Kwa hiyo usimpigie shangazi kumtisha kwamba "nitakufikisha pabaya". Usimwahidi mtoto kwa simu kwamba anakuja kuchukuliwa; ataropoka, au atasubiri kesho isiyofika. Mwambie afisa waziwazi: nina hofu atapigwa wakijua. Mwombe mtu mmoja wa karibu, mwalimu au jirani, awe anamwona mtoto kila siku bila kutia neno.

Sasa hilo la suluhu. Mimi sipingi usuluhishi wa familia. Shangazi aliyeelemewa, anayelea watoto wa ndugu watatu kwa kipato cha vitumbua, anaweza kubadilika akikalishwa, akisaidiwa, na ratiba ya mtoto ikipangwa mbele ya afisa na kufuatiliwa. Nimeyaona hayo yakifanyika. Lakini kuna mambo hayasuluhishwi: kuunguzwa, kupigwa mpaka kuumizwa, na ukatili wa kingono wa aina yoyote. Hayo ni makosa ya jinai, na wazee wa ukoo hawana ruhusa ya kuyamaliza kwa kikao, kanzu au fedha. Mtu akikwambia "tumeshaelewana" kuhusu jambo la namna hiyo, jua mtoto hakuwemo katika maelewano hayo. Wewe nenda polisi.

Kaka zako wanasema mtoto atatupwa kituoni. Woga huo umewanyamazisha watu wengi wema. Makao ya watoto ni njia ya mwisho, baada ya nyingine zote kushindikana. Afisa akiona mtoto hawezi kuendelea kukaa pale, swali lake la kwanza ni: kuna ndugu gani anayefaa? Ndugu asipopatikana, kuna familia za kuaminika zilizochunguzwa na ustawi wa jamii. Mtoto mwenye mama mdogo aliyesimama mlangoni hapelekwi kituoni kirahisi.

Ila hapo ndipo wewe utakapoulizwa: utamchukua? Jibu kabla hujaulizwa. Kaa na mume wako, kama unaye, mwafikiane. Atalala wapi na nani? Shule ipo umbali gani? Nani atakuwepo nyumbani akitoka darasani? Afisa atakuja kuona, na atawauliza majirani zako kama alivyowauliza wa shangazi. Ikiwa huwezi, sema huwezi, na umtaje ndugu anayeweza. Ukimchukua kwa hasira ya leo na kumrudisha baada ya miezi sita, umemwongezea jeraha.

Yupo mtu ambaye barua yako haisemi ana maoni gani: dada yako. Yeye ndiye mzazi, na kuwa Muscat hakumwondolei haki wala wajibu. Bila sauti yake, wewe ni ndugu anayelalamika. Pamoja naye, wewe ni mtu aliyetumwa na mama wa mtoto. Najua ni vigumu kumweleza dada aliye mbali, usiku, kwa simu ya mtandao ya imo, huku mwajiri yuko chumba cha pili. Wengi huficha ili asilie. Usimfiche. Mpe habari kwa utaratibu, ukiwa na daftari lako mbele, ukisoma ulichokiona. Kisha mwombe aandike barua fupi kwa ustawi wa jamii: yeye ni nani, mtoto alimwacha lini na kwa makubaliano gani, na angependa akae na nani kwa sasa. Picha ya barua kwa WhatsApp pamoja na nakala ya pasipoti yake inatosha kuanzia. Kwa hati rasmi ya kukupa uwakili, itakayosimama mahakamani, aende Ubalozi wa Tanzania hapo hapo Muscat athibitishiwe sahihi. Afisa pia anaweza kuongea naye kwa simu. Mpe namba na saa ambazo anakuwa na nafasi.

Baba naye asisahaulike. Mtoto kulelewa Tanga hakumfutii wajibu wa matunzo, na maombi ya amri ya matunzo yanaweza kupelekwa mahakamani na mzazi, mlezi, ndugu anayekaa na mtoto au afisa ustawi mwenyewe. Lakini liwe jambo la pili, na mtoto kwanza awe salama. Kwa mashauri hayo na ya uangalizi wa mtoto, tafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, au mashirika kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure. Mahakama itakapoamua mtoto akae na nani, yeye mwenyewe atasikilizwa, mradi asiwe amefundishwa la kusema.

Nabaki na swali lako la undugu. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, matokeo yakatoka 2011: karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi waliowatendea ni ndugu na walimu. Kaka zako wakisikia "usalama wa mtoto" wanafikiria mtu baki wa barabarani. Waambie takwimu hizo. Kisha mchukue mmoja wao, yule mwenye busara na anayeheshimiwa na upande wa shangazi, umsomee daftari lako neno kwa neno, usiongeze kitu. Usimwombe ruhusa. Mwombe asikupinge, na awe tayari kuongea na upande ule baada ya afisa kufika, si kabla. Shangazi anaweza kukukasirikia mwaka mzima, pengine zaidi. Naamini kabisa kwamba undugu unaodumu kwa sharti la mtoto kunyamaza umeshavunjika, ila aliyevunjikiwa hana kiti kwenye kikao.

Mkikubaliana mtoto aje Dodoma, msimchukue kwa basi la usiku bila maandishi. Hata kwa nia njema, mnaweza kuitwa polisi nyinyi. Pata barua ya ustawi wa jamii Tanga inayosema mtoto amekabidhiwa kwa nani, tarehe ngapi na kwa masharti gani, na umwombe afisa amwandikie mwenzake wa Dodoma ili ufuatiliaji uhamie huko. Chukua uhamisho wa shule kutoka kwa mwalimu mkuu, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki kama ipo na nakala ya PF3 kama ilitolewa. Kama cheti hakipo, anza mapema kukifuatilia RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na barua ya mama yake kutoka Muscat itakusaidia hapo pia.